Upasuaji wa goti lililosagika na kukatika ligamenti kwa watu wanaojishughulisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unawahusu watu ambao bado wanafanya kazi za nguvu au michezo, ambao ligamenti ya goti lao (kamba ngumu inayounganisha mfupa na mfupa) imekatika, na ambao picha zinaonyesha kuwa gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, nalo limeanza kusagika. Hali hizi mbili zikikutana katika goti moja, matibabu ya mojawapo yanaweza kuiathiri nyingine, na ndiyo sababu wagonjwa wawili wenye picha zinazofanana wanaweza kushauriwa upasuaji tofauti kabisa. Maelezo haya yanakuandaa kuzungumza na daktari bingwa wa mifupa. Hayachukui nafasi ya kupimwa naye.

## Misingi

1. Ligamenti yangu ilikatika miaka mingi iliyopita. Kwa nini goti linasagika sasa?

Ligamenti ya msalaba ya mbele hukaa katikati ya goti. Kazi yake ni kuuzuia muundi, yaani mfupa wa ugoko, usiteleze kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, na kuuzuia usijizungushe kupita kiasi mtu anapogeuka ghafla. Ikikatika, mzigo huhamia mahali ambapo gegedu halikuzoea kuubeba. Meniski, yaani ile mito miwili inayotenganisha mifupa ya goti, mara nyingi huchanika siku ileile ya ajali au miaka inayofuata, na kila kipande cha meniski kinachoondolewa huongeza mgandamizo juu ya gegedu. Isitoshe, pigo la siku ya kuumia huacha mchubuko ndani ya mfupa na kuamsha uchochezi ambao unaweza kuendelea kimyakimya baada ya uvimbe kuisha.

Takriban nusu ya watu waliopata jeraha hili huwa na dalili za kusagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Ndiyo maana mchezaji aliyeumia akiwa na miaka 20 anaweza kufika miaka 40 akiwa na goti ambalo kwa kawaida tungelitarajia kwa mtu wa miaka 65. Kutengenezewa ligamenti mpya hupunguza kulegea na huilinda meniski, lakini haijathibitika kwamba kunazuia kusagika.

2. Je, kusagika kunaweza kutangulia na ligamenti ikafuata?

Ndiyo. Katika goti lililoanza kusagika lenyewe, vijisehemu vya mfupa huota kando ya njia ya ligamenti na kuisugua taratibu hadi inadhoofu au kukatika, bila mgonjwa kukumbuka siku yoyote ya ajali. Picha husaidia kutofautisha: ligamenti ikiwa bado nzima, upande wa ndani wa goti huanza kulika sehemu ya mbele; ikiwa imekatika zamani, muundi husogea mbele na ulikaji huonekana zaidi sehemu ya nyuma. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu wagonjwa wa kundi la pili kwa kawaida ni vijana zaidi na wana mahitaji makubwa zaidi.

3. Daktari ameniuliza kama tatizo langu ni maumivu au ni kulegea. Kwa nini swali hilo ni muhimu hivyo?

Kwa maoni yetu hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na mgonjwa anayelijibu vizuri humsaidia daktari kuliko picha nyingi. Maumivu hutokana zaidi na kusagika na jinsi mguu ulivyopinda. Kulegea hutokana na ligamenti. Upasuaji wa ligamenti hauondoi maumivu ya gegedu, na upasuaji unaolenga maumivu huenda usitoshe kwa goti linalochomoka.

Kabla ya kujibu, jichunguze kwa siku kadhaa. Kulegea kwa kweli hutokea unapogeuka, unaposimama ghafla kutoka katika mbio au unapotua baada ya kuruka. Unahisi mifupa ikipishana, na mara nyingi goti huvimba baadaye. Ikiwa goti linakuishia nguvu unaposhuka ngazi au unapotembea moja kwa moja, bila kugeuka, huenda ni msuli wa mbele ya paja unaojizima kwa sababu ya maumivu. Hali hiyo ya pili huhisiwa kama kulegea, lakini ligamenti mpya haitaiponya. Andika ni nini hasa ulichokuwa unafanya kila mara goti liliposhindwa, na uende na maandishi hayo kliniki.

4. Vipimo gani vinahitajika kabla ya uamuzi?

Cha kwanza ni mikono ya daktari. Katika kipimo cha Lachman unalala chali, goti likiwa limekunjwa nyuzi 20 hadi 30. Daktari anashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta muundi kuja mbele kwa mwingine. Goti lenye ligamenti nzima husimama ghafla, kama kamba iliyofika mwisho wake, ilhali lililokatika ligamenti huendelea kuja bila kikomo kinachohisika. Goti lenye kusagika kwingi linaweza kudanganya hapa, kwa sababu vijisehemu vya mfupa vilivyoota na ukakamavu huzuia muundi usisogee.

Kisha hufuata eksirei, na ni lazima zipigwe ukiwa umesimama. Picha ya goti lililolala kitandani huweza kuonyesha nafasi nzuri kati ya mifupa ilhali ukisimama mifupa inagusana. Picha iliyopigwa kutoka nyuma goti likiwa limekunjwa nyuzi 45 hufichua ulikaji wa sehemu ya nyuma, ambao ndio wa kawaida kwa walioishi muda mrefu bila ligamenti. Picha ndefu kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu huonyesha kama una matege na kwa nyuzi ngapi. Picha ya ubavuni hupima mteremko wa uso wa muundi (swali la 10). MRI huonyesha meniski, ligamenti na gegedu, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya picha ndefu.

## Kabla ya kisu

5. Ninaweza kuepuka upasuaji?

Wengi wanaweza, angalau kwa miaka kadhaa. Miezi mitatu ya fiziotherapia yenye mpango, ikilenga misuli ya mbele na nyuma ya paja, nyonga na uwezo wa mwili kujisawazisha, inastahili kujaribiwa kwa dhati kabla ya kuhukumiwa. Kupunguza uzito kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani: kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mshipi wa goti unaosukuma mguu nje ya matege unaweza kupunguza maumivu, na pia humdokezea daktari: ukipata nafuu ukiwa nao, kuna uwezekano mzuri kwamba kunyoosha mfupa kutakusaidia.

Hata kwa vijana waliokatika ligamenti karibuni, utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuanza na mazoezi na kuacha upasuaji usubiri hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kufanyiwa upasuaji mapema. Kinachopaswa kukuharakisha ni goti linalochomoka mara kwa mara, kwa kuwa kila tukio linaweza kuchana meniski iliyobaki.

6. Nimeambiwa goti lisafishwe kwa kamera. Itasaidia?

Kwa goti lililosagika, kuosha na kukwangua kupitia matundu madogo peke yake hakushauriwi. Jaribio maarufu la mwaka 2002 liliwagawa wagonjwa 180. Baadhi walioshwa au kukwanguliwa goti, wengine walikatwa ngozi tu, na maumivu yao hayakutofautiana. Ipo nafasi ndogo ya upasuaji huu pale kipande cha meniski au gegedu kinapokwama na kulifunga goti lisinyooke.

7. Na sindano?

Sindano ya steroidi hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa na haigusi kulegea. Ikiwa goti bandia linafikiriwa, mwambie daktari tarehe ya sindano ya mwisho: inashauriwa ipite miezi mitatu kabla ya upasuaji, kwa sababu sindano ya karibu zaidi huongeza hatari ya maambukizi.

## Kuchagua upasuaji

8. Kuna njia zipi?

Kuna nne za msingi: ligamenti mpya peke yake, kunyoosha mguu kwa kukata mfupa, yaani osteotomia, pamoja na ligamenti au bila, goti bandia nusu (linalobadilisha upande mmoja tu wa goti) pamoja na ligamenti, na goti bandia zima. Uchaguzi hutegemea jibu la swali la 3, sehemu ya goti iliyosagika, kiwango cha kusagika, mpindo wa mguu, umri, na kile unachotaka kufanya na goti hilo. Kutaka kutembea kilomita tano bila maumivu na kutaka kurudi kwenye kandanda ni maombi mawili tofauti, na daktari anahitaji kulisikia lako likitajwa wazi.

9. Osteotomia inafanywaje hasa?

Kwa mtu mwenye matege na kusagika upande wa ndani, mpasuaji hukata muundi chini kidogo ya goti kuanzia upande wa ndani, akielekea juu upande wa nje, na kuacha takriban sentimita moja ya mfupa bila kukatwa. Sehemu hiyo iliyoachwa ndiyo bawaba. Kisha hupenyeza patasi nyembamba moja juu ya nyingine, polepole, mfupa ukijifungua kwa milimita chache kila baada ya dakika kadhaa, kwa kuwa haraka hapa huvunja bawaba. Pengo likifikia upana uliopangwa, hufungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Pengo kubwa huweza kujazwa mfupa wa kupandikiza. Njia nyingine ni kuondoa kabari ya mfupa upande wa nje na kufunga pengo.

Mstari wa uzito, unaotoka nyonga hadi kifundo, huhamishwa kutoka sehemu iliyosagika hadi katikati ya goti au nje kidogo. Kwa kusagika kwingi wengi hulenga karibu asilimia 62 ya upana wa muundi ukipima kutoka ukingo wa ndani. Pale tatizo kuu likiwa ligamenti na gegedu halijaharibika sana, karibu na katikati hutosha. Mguu ukinyooshwa kupita kiasi, gegedu zuri la upande wa nje huanza kulipa gharama.

10. Tatizo langu ni ligamenti. Kwa nini daktari anazungumzia mfupa?

Kwa sababu ligamenti mpya katika mguu uliopinda hubeba mzigo usio wake. Matege huivuta kila unapokanyaga, na hasa pale goti linapojitupa nje katika kila hatua. Lililo muhimu zaidi ni mteremko: uso wa juu wa muundi huinama kuelekea nyuma, kwa watu wengi kwa nyuzi 5 hadi 10. Kadiri unavyoinama zaidi, ndivyo uzito wa mwili unavyousukuma muundi mbele. Mteremko wa nyuzi zaidi ya 12 unahusishwa na kukatika tena kwa ligamenti iliyopandikizwa.

Osteotomia inaweza kurekebisha matege na mteremko kwa pamoja, lakini pia inaweza kuuharibu mteremko. Njia ya kufungua upande wa ndani huelekea kuuongeza ikiwa pengo la mbele litakuwa pana sawa na la nyuma; mpasuaji makini huacha la mbele jembamba. Kuuliza kabla ya upasuaji, "Mteremko wangu ni nyuzi ngapi, na utabaki ngapi?" ni haki yako.

11. Mfupa na ligamenti vifanywe siku moja au kwa awamu?

Njia zote mbili zinakubalika. Siku moja kunamaanisha nusu kaputi mara moja na kipindi kimoja cha kupona, na humfaa mtu mwenye kulegea kwa wazi pamoja na maumivu. Hata hivyo, upasuaji wenyewe ni mrefu, na hatari ya ukakamavu ni kubwa zaidi.

Kwa awamu, mfupa hutangulia na ligamenti husubiri kwa takriban miezi sita. Faida yake ni kwamba wagonjwa wengi, hasa waliovuka miaka 40, hugundua baada ya mguu kunyooshwa na mteremko kupunguzwa kwamba goti limetulia kiasi cha kutohitaji ligamenti. Kwa mtu ambaye maumivu yake ndiyo makuu, hii ndiyo njia tunayoiona kuwa ya busara zaidi.

12. Ninaweza kufanyiwa ligamenti peke yake ilhali gegedu limesagika?

Unaweza, ikiwa kusagika ni kwa kiwango kidogo, mguu hauna matege ya maana, na lalamiko lako kuu ni goti kuchomoka. Usitarajie ipunguze maumivu ya kupanda ngazi. Mpasuaji akiahidi hilo, omba maoni ya pili.

13. Ligamenti mpya hutolewa wapi?

Huchukuliwa kutoka katika kano za nyuma ya paja, kano iliyo chini ya pia ya goti, au kano iliyo juu yake. Pia inaweza kutoka kwa marehemu aliyejitolea. Kano ya chini ya pia ni imara, lakini huweza kuacha maumivu ya mbele na ugumu wa kupiga magoti, jambo zito kwa mtu ambaye tayari ana kusagika nyuma ya pia au ambaye kazi na ibada zake humhitaji apige magoti. Kano ya marehemu hukatika zaidi kwa vijana wanamichezo, ilhali kwa mtu mwenye umri wa miaka 45 na zaidi hufanya vizuri vya kutosha.

14. Goti bandia nusu linanifaa?

Kwa muda mrefu kukatika kwa ligamenti ya mbele kulihesabiwa kizuizi, kwa sababu muundi unaoteleza hulegeza kiungo bandia mapema. Msimamo umelegezwa kwa kundi moja mahususi: mtu mwenye umri wa kati, aliyesagika hadi mfupa kugusa mfupa upande wa ndani pekee, bila matege makubwa, na ambaye ligamenti yake ilikatika kwa ajali. Huyo huweza kuwekewa nusu goti pamoja na ligamenti mpya, na matokeo ya miaka ya mwanzo hadi ya kati yamekuwa mazuri. Ni upasuaji wa mikono yenye uzoefu. Uliza mpasuaji ameufanya mara ngapi.

15. Kwa nini nisiwekewe goti bandia zima nimalizane nalo?

Kiufundi ligamenti iliyokatika si kikwazo, kwani katika goti bandia la kawaida ligamenti hiyo huondolewa na umbo la kiungo chenyewe hutoa uthabiti. Kikwazo ni miaka iliyo mbele yako. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti bandia mazima 82 kati ya 100 hudumu miaka 25, na ya nusu 70 kati ya 100. Lakini wastani huo umejaa wazee. Takwimu za Uingereza za mwaka 2017 zilionyesha kuwa mwanamume aliyewekewa goti akiwa mwanzoni mwa miaka ya 50 ana uwezekano wa takriban asilimia 35 wa kurudiwa upasuaji katika maisha yake, na kila upasuaji wa marudio hutoa matokeo duni kuliko uliotangulia. Hata hivyo, goti likiwa limesagika pande zote tatu (ndani, nje na nyuma ya pia), kumsukumiza mgonjwa kwenye osteotomia kwa sababu tu ya umri ni kumwongezea mateso.

## Baada ya upasuaji

16. Nitatembea, kuendesha gari na kurudi kazini lini?

Baada ya osteotomia yenye bamba imara utakanyaga kwa sehemu ya uzito ukitumia magongo, mara nyingi hadi wiki ya sita. Mfupa huunga kikamilifu kati ya miezi mitatu na sita. Kuendesha gari husubiri hadi uachane na magongo na uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Kazi ya mezani huwezekana baada ya wiki 4 hadi 8, ya kubeba mizigo baada ya miezi 4 hadi 6. Kuvuta sigara huchelewesha mfupa kuunga, na wapasuaji wengi hukataa kuendelea hadi mgonjwa aache.

17. Na michezo?

Baiskeli ya mazoezi na kuogelea huanza mapema, kidonda kikishapona. Michezo ya kugeuka ghafla, ikiwa ligamenti mpya imewekwa, isianze kabla ya miezi tisa, kwa sababu kano iliyopandikizwa hudhoofu kwanza inapojengwa upya na mwili. Baada ya osteotomia walio wengi hurudi michezoni, ingawa si wote hurudi kwenye kiwango cha zamani. Kwa goti bandia, kutembea, baiskeli, kuogelea na gofu vinaruhusiwa. Kukimbia na michezo ya kugongana havishauriwi.

18. Ni hatari zipi nizijue?

Maambukizi, damu kuganda katika mishipa ya mguu, ukakamavu, bawaba kuvunjika, mfupa kuchelewa kuunga, na ganzi ya ngozi kando ya kidonda. Njia ya kuondoa kabari upande wa nje ina hatari ya kujeruhi neva inayoinua wayo. Bamba huwachoma wengi chini ya ngozi na huondolewa baada ya mwaka mmoja au zaidi.

Dalili moja haisubiri asubuhi: maumivu ya ugoko yanayozidi licha ya dawa, mguu ukikaza kama jiwe, na kunyoosha vidole kukiumiza mno. Huenda ni shinikizo ndani ya misuli linalozuia damu, na misuli huweza kufa ndani ya saa chache. Fika hospitali usiku huohuo.

## Hali zisizo za kawaida

19. Magoti yangu yanagongana, na kusagika kuko upande wa nje.

Kanuni ya swali la 9 hubaki, ila mara nyingi mfupa unaokatwa ni wa paja, juu ya goti, kwa kuwa mpindo huo kwa kawaida huanzia hapo. Mfupa huu huunga polepole zaidi kuliko muundi.

20. Iliyokatika kwangu ni ligamenti ya msalaba ya nyuma.

Hesabu ya mteremko hugeuka. Muundi wako huangukia nyuma, hivyo kuongeza mteremko kidogo humsaidia mgonjwa, na ule ushauri wa kuupunguza hautumiki. Zikiwa zimeumia ligamenti za upande wa nje pamoja na matege, mfupa hunyooshwa kwanza karibu kila mara. Ligamenti zilizotengenezwa katika mguu wa matege hulegea tena.

21. Ligamenti iliyopandikizwa imekatika tena, na sasa nina maumivu.

Kabla ya kukubali ya pili, mteremko na matege vipimwe, na mahali yalipotobolewa matundu ya awali pakaguliwe kwa CT skani. Matundu yaliyopanuka hujazwa mfupa kwanza, na mara nyingi osteotomia hufanywa katika hatua hiyohiyo.

22. Nikifanyiwa osteotomia leo, nitaweza kuwekewa goti bandia baadaye?

Ndiyo, na wengi hupata miaka 10 au zaidi kabla ya kulihitaji. Upasuaji huo huwa mgumu kidogo: chuma huondolewa, makovu huachanishwa, na pia ya goti huweza kuwa imeshuka baada ya njia ya kufungua. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji na picha zako, ukaitunze, kwani mpasuaji atakayekuhudumia wakati huo atahitaji kujua aina ya bamba na skrubu ili aandae vifaa vya kuzitoa.